VIUMBE VYA MUNGU: Mududu aliyesimamisha barabara

Mwezi huu tunaacha nyama wakubwa wa pori pembeni, tunainama kutazama mududu mumoja. Ni mududu wa mbali, wa Ulaya. Kwetu hapa Katanga hayuko, kwa hiyo musipoteze siku kumutafuta. Lakini maneno yake yanatugusa sisi watu wa miji ya migodi, na mutaona sababu gani.

Mwisho wa miaka ya 1990, Wafaransa walikuwa wanajenga barabara kubwa yenye jina A28, ile wanaita autoroute. Ilibakia kipande cha kuunganisha muji wa Le Mans na muji wa Tours. Feza zilikuwako, mashini zilikuwako, wafanyakazi walikuwako. Hata hivyo kazi ilisimama, na haikusimama mwezi mumoja ao miwili. Kipande cha mwisho, kutoka Écommoy kufika Tours, kilifunguliwa tu katika mwezi wa 12 wa mwaka 2005. Hapakuwa vita, hapakuwa mugomo. Palikuwa mududu mweusi wa santimetre 3 hivi, aliyeonekana ndani ya miti mizee iliyosimama mahali barabara ilitaka kupita.

Ninajua namna mutacheka. "Ee! Barabara isimame juu ya kidudu? Wazungu nao banazidisha!" Mucheke kwanza. Kisha tuendelee.

Wenye elimu ya wadudu wanamuita Osmoderma eremita. Jina la kwanza limetoka katika Kigiriki: harufu, na ngozi. La pili ni jina la mutu anayeacha kelele za watu na kwenda kukaa peke yake ili asali, sawasawa mutakatifu Antoni katika jangwa la Misri. Aliyemupa jina hilo la mukaa-pweke ni Giovanni Antonio Scopoli, mwaka 1763. Na hapa ninyi watu wa migodi musikilize vizuri: huyu Scopoli alikuwa munganga wa wachimbaji. Tangu mwaka 1754 alifanya kazi Idrija, muji wa mugodi wa zebaki, ambao leo uko katika inchi ya Slovenia. Zebaki ni ile Wafaransa wanaita mercure, na moshi wake ni sumu. Wachimbaji wake walitetemeka mikono hata kushika kijiko kuliwashinda, na Scopoli aliandika juu ya ugonjwa huo katika kitabu kilichotoka mwaka 1761. Nyuma ya miaka 2 akatoa kitabu kingine, cha wadudu wa eneo lile, na ndani yake tunamukuta mukaa-pweke wetu. Mutu aliyeshinda na wagonjwa wa mugodi alikuwa bado na macho ya kutazama kidudu ndani ya muti. Mimi ninamupenda sana juu ya hilo.

Wafaransa wenyewe wanamuita pique-prune. Wajerumani wanasema Juchtenkäfer, ni kusema mududu wa ngozi, kwa sababu wengine wakimunusa wanafikiri ni ngozi iliyotengenezwa vizuri, ile ya viatu vya bei. Wengine wanasema hapana, ananukia sawasawa tunda la peshi lililoiva. Mwaka 2003 watafiti wa Uswidi na Ujerumani walionyesha kwamba harufu hiyo inatoka kwa dume. Siku ya joto dume anakuja kukaa kwenye mulango wa tundu lake, anaachilia harufu, na jike anaifuata. Ni kali hata mutu anaweza kuisikia akisimama metre kadhaa kutoka muti. Vijana wanaojimwangia parfum siku ya yenga mbele ya kwenda korali, mumepata mwenzenu.

Kwa macho hana ajabu kubwa. Urefu wake ni santimetre 2 na nusu mupaka 3 na nusu, mweusi ao wa kahawia, anangaa kidogo sawasawa shaba ya zamani, na dume ana mufereji kati ya mabega. Anatembea pole pole kama muzee aliyetoka kula.

Sasa, mutu akitaka kumuona atafute wapi? Asitafute chini ya mawe, wala katika mavi ya ngombe kama ndugu zake wengi wa jamaa ya scarabée. Atafute muti munene, muzee, ambao ungali muzima, una majani, lakini ndani yake umekuwa na pango. Mara nyingi ni muti ule Wafaransa wanaita chêne na Biblia zetu zinaita mwaloni. Munakumbuka Abrahamu alikaa karibu na mialoni ya Mamre. Lakini mududu huyu hachagui sana jina la muti. Anakaa katika châtaignier, katika tilleul, hata katika miti mizee ya tofaa na ya prune. Anachochagua ni pango.

Ndani ya pango muti unaoza pole pole mupaka unakuwa unga mweusi wenye wekundu, sawasawa tumbako. Katika muti mukubwa unga huo unaweza kujaa mifuko. Mule ndani mama anataga mayai yake, na mule funza anakula na kukua, mweupe, munene, mupaka santimetre 6. Anabaki funza miaka 2 ao 3, na kule kwenye baridi kali hata 4. Kisha anajifungia ndani ya nyumba ndogo, ngumu, aliyoijenga kwa mavi yake mwenyewe na unga wa muti, umbo lake kama yai. Humo anapitisha majira ya baridi. Anatoka mududu mukamilifu katika mwezi wa 7 ao wa 8, anaishi wiki chache, anakufa. Miaka 3 ya giza kwa mwezi mumoja wa mwanga.

Ndiyo sababu wanaomutafuta hawamutafuti yeye mwenyewe, maana unaweza kusimama chini ya muti wake wiki 2 bila kuona hata muguu. Wanatafuta mavi. Wanaingiza mukono katika pango, wanatoa konzi moja ya unga, wanaitandaza juu ya karatasi nyeupe. Mavi ya funza huyu yana urefu wa milimetre 7 ao 8 na upana wa 3, yamebonyea kidogo pembeni, kama punje ya muchele iliyonenepa, lakini nyeusi. Wanatafuta pia vipande vya wadudu waliokufa: bawa gumu, muguu, kichwa. Nyumba ya mutu unaijua kwa takataka zake, na ya mududu vilevile.

Katika Uswidi mutafiti Thomas Ranius na wenzake walifanya kazi ya uvumilivu mwingi. Waliweka alama juu ya migongo ya wadudu hawa katika mialoni yenye mapango, wakawaacha, wakawakamata tena, muti kwa muti. Waliona kwamba karibu 85 kwa 100 hawakuacha kamwe muti walimozaliwa. Waliotoka hawakufika hata metre 200. Kule Ufaransa na Italia walikuta wachache waliokwenda mbali kuliko hapo, lakini si wengi. Na katika muti mumoja, kwa mwaka, wadudu wakamilifu walikuwa kadiri ya 10 tu. Wana mabawa, wanajua kuruka, na wanabaki palepale.

Mufikiri kidogo maana yake. Ukikata muti wa ndege, ndege analia, anaenda kujenga mahali pengine. Ukikata muti wa mukaa-pweke, haendi kwa jirani, kwa sababu jirani hayuko. Na muti mupya haumusaidii, kwa maana mwaloni unaomba mara nyingi miaka 150 ao 200 mbele ya kuwa na pango linalofaa. Muti unaopanda leo utakuwa nyumba yake wakati wajukuu wa wajukuu wa watoto wako ni wazee wa kanisa. Kuna wakati watu wa Ulaya, wakifikiri wanaponyesha miti yao, walijaza mapango kwa simenti. Muti ulipata simenti tumboni, na wote waliokaa mule walifungiwa ndani.

Leo anapatikana kutoka kaskazini ya Hispania, kupita Ufaransa, Italia na Ujerumani, mupaka kusini ya Uswidi, huku muti mumoja, kule miti 10. Uingereza hayuko.

Turudi kwenye barabara. Katika eneo la Sarthe, kusini ya Le Mans, miti mingi yenye mapango haikuwa katika pori kubwa lenye kutisha. Ilikuwa pembeni ya mashamba, katika uzio wa miti. Tangu zamani walimaji wa kule walikuwa na desturi ya kukata matawi tu, kwa urefu wa kichwa cha mutu ao zaidi, kila nyuma ya miaka kadhaa, wapate kuni bila kuangusha muti. Muti ulichipuka tena juu, lakini kidonda cha shoka kilioza ndani pole pole, pango likafunguka, na mukaa-pweke akaingia. Kwa hiyo nyumba yake ilijengwa na maskini waliotafuta kuni za kupikia! Wenyewe hawakujua. Nyuma ya vita ya 1939-1945 mashini za kulima zikafika, zikataka mashamba makubwa, na kilometa nyingi za uzio huo ziling'olewa. Iliyobaki ndiyo barabara ilikutana nayo.

Mwaka 1992 inchi za Umoja wa Ulaya zilikuwa zimekubaliana sheria ya kulinda nyama na mimea pamoja na mahali pao pa kuishi, na pique-prune aliandikwa kati ya wale wa kuangaliwa mbele. Mwaka 1993 Ufaransa nayo ikamutia katika orodha ya wadudu wasioruhusiwa kuuawa. Hiyo ndiyo nguvu iliyosimamisha mashini. Sheria haikusema barabara haitapita kamwe. Ilisema mutazame kwanza.

Basi walitazama. Watafiti walipita muti kwa muti, tundu kwa tundu, na wakaona kwamba katika eneo lile mududu alikuwa na nyumba nyingi kuliko walivyofikiri. Alikuwako siku zote. Hakuna mutu aliyekuwa amemutafuta. Mwishoni barabara ilipita. Wengi walikasirika juu ya miaka ile na feza zile, na sitasema walikosa haki. Watu wa vijiji walioangojea njia nzuri walikuwa na haki ya kukasirika: njia mbaya inaua watu, sisi tunaijua kuliko wao. Ubishi kama huo ulitokea pia Ujerumani, muji wa Stuttgart, wakati wa kujenga stasheni mupya ya treni, mududu ni yule yule. Lakini ninaona kwamba kungoja kule kulizaa kitu. Mbele yake, hakuna aliyejua ni nini kilikuwa ndani ya miti ile. Nyuma yake, walijua.

Na musifikiri kwamba sheria ya kusimamisha shoka ni mawazo ya wazungu wa siku hizi. Musome Kumbukumbu la Torati, sura ya 20. Hata wakati jeshi linazunguka muji wa adui, askari walikatazwa kukata miti yake ya matunda.

Sasa kwetu. Kwanza mujue kwamba pique-prune ana ndugu katika Kongo. Yule mududu mukubwa wa pori la mvua la kaskazini, ambaye Linnaeus alimupa mwaka 1771 jina la Goliati, yule Mufilisti aliyeuawa na Daudi, ni wa ukoo mumoja naye. Dume wake anaweza kufika santimetre 10 na zaidi. Anajaza kiganja cha mukono. Na wale wa kijani wenye kungaa wanaokula maua na maembe yaliyoiva, wale watoto wanafunga uzi ku muguu ili waruke na kulia vvvv, nao ni wa ukoo huo. Wengi wao wanaanza maisha kama mukaa-pweke, funza ndani ya muti uliooza ao ndani ya majani yaliyooza.

Pori letu la miombo, lenye miputu, misamba na mitondo, limerudi nyuma sana kandokando ya Lubumbashi juu ya makala. Sitawaambia wamama waache kupika. Bukari haiivi kwa maneno ya gazeti, na courant ikikatika kila mutu anakimbilia imbabula. Ninasema tu mambo namna yalivyo. Muti wa miombo ukikatwa, kisiki chake kinaweza kuchipuka tena kama moto na jembe vinakiacha. Hiyo ni neema kubwa. Lakini chipukizi si muti muzee. Pango halichipuki. Munajua vinkubala: hakuna mutu wa Likasi ao Kolwezi asiyevijua katika sahani, na munajua kwamba kila aina ina miti yake. Kama kwa kitu tunachokula tunajua muti gani unakizaa, kwa vitu tusivyokula tunajua nini?

Kisha kuna vilima vyetu vya shaba. Juu yake miti haioti vizuri, sababu shaba ni nyingi mno katika udongo. Kunaota majani na maua. Moja wanaliita fleur de cuivre, na jina lake la elimu ni Haumaniastrum katangense. Watafutaji wa madini walilifuata ili wajue pale kuna shaba. Kati ya mimea ya vilima vile kuna mingine ambayo haipatikani popote duniani isipokuwa huku kwetu, mingine juu ya vilima vichache vya kuhesabika. Inafanana na mukaa-pweke kabisa. Nyumba yake ni moja, na nyumba hiyo ndiyo kariere yetu, ndiyo mukate wa baba na masomo ya watoto. Kwa hiyo si jambo jepesi, na anayesema ni jepesi hajawahi kungojea mushahara wa mugodi.

Sheria sisi tunayo. Kodi ya migodi ya mwaka 2002, pamoja na mabadiliko ya mwaka 2018, inaomba kompani ifanye uchunguzi wa mazingira mbele ya kuanza kuchimba. Lakini mufikiri: mutaalamu anatoka mbali, anafika katika mwezi wa 8, kiangazi kikali. Ua limekauka, limebaki mzizi. Mududu ni funza chini ya gome. Anatembea siku 4, hakuna mutu wa mahali anayeweza kumwambia: hapa, mvua ikianza, kunatoka kitu hiki. Ataandika kwamba mahali ni patupu, na hatakuwa amesema uongo. Atakuwa ameandika alichoona.

Kwa hiyo nina kazi kwa vijana wa parokia, na munaweza kuianza mvua ya kwanza ikinyesha, mwezi wa 10 ao wa 11, wakati wadudu wengi wanatoka. Mutafute miti mizee yenye mapango ambayo ingali karibu nanyi: ku mission, ku makaburi, kandokando ya muto. Mwende pamoja na muzee mumoja anayejua majina, Kisanga, Kilamba, Kibemba, Kiluba, lugha yoyote. Jina likipotea, hata kitu chenyewe kinakuwa vigumu kukitafuta. Na hapa ninasimama kidogo kwa onyo: musiingize mukono katika tundu la muti wa kwetu! Kule Ulaya walikuta unga. Sisi tunaweza kukuta nyoka, ao nyuki wenye hasira. Mufunge kijiko ku fimbo ndefu, mugonge kwanza muti, mungoje, kisha muchote. Mutandaze unga juu ya karatasi nyeupe. Mukikuta funza, mumutazame, mumuchore, mumurudishe na unga wake wote. Akikauka ku jua amekufa.

Muandike katika kaye: siku, mahali, jina la muti, unene wa muti kwa kuuzungusha kamba, na mulichokuta. Hata "hakuna kitu" iandikwe. Mwaka ujao murudi ku muti ule ule. Mukiukuta umekuwa makala, muandike hilo pia, na tarehe.

Kaye zenu muzitume kwetu kupitia parokia, na tutachapa zilizoandikwa vizuri. Mwezi ujao: kinyonga, na sababu gani watu wanamukimbia bure.